Mkono, Tumbo na Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye njaa?

Apite, ale!

Mwenye kapu?

Aliache njiani!

Basi kaeni vizuri. Siku zimwi lilipokuja Kwemzinga, mchana kweupe, waliokuwepo uwanjani ni hawa. Nitawataja mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sehemu yake.

Alikuwepo Semboja mwana wa Kilua, mzee wa kijiji, mwenye ghala.

Alikuwepo Mwanamvua, mke wa Semboja.

Alikuwepo Mhando, mhunzi.

Alikuwepo Kibago, mrina asali. Kibago mrefu, si yule mfupi. Mfupi alikwisha kuhama.

Alikuwepo Chausiku, mfinyanzi, ambaye ulimi wake ulikata kuliko visu vya Mhando.

Alikuwepo Bi Tatu, kikongwe asiye na jino hata moja.

Alikuwepo Mashavu binti Mbelwa, mjane wa mtoto wa Bi Tatu. Na mgongoni mwa Mashavu alikuwepo Kidawa, binti yake, mwenye umri wa miaka sita.

Wengine wote walikuwa wamehama au wamezikwa.

Njaa ya mwaka ule iliitwa Njaa ya Ngozi, kwa sababu watu walifungua ngozi za vitanda, wakazichemsha, wakanywa mchuzi wake. Mvua ilikuwa imekosa misimu mitatu. Mashamba yote yalikuwa meupe kama majivu.

Mashamba yote, isipokuwa moja. Ng'ambo ya mteremko wa mawe, mwendo wa asubuhi nzima, lilikuwako shamba la migomba la zimwi. Shamba hilo lilikuwa kijani siku zote, na mikungu ilining'inia hadi chini.

Sasa, watu wa Kwemzinga walikuwa na sheria ya tangu zamani. Mtu mwenye njaa akipita shambani mwa mwenziwe, anaruhusiwa kuingia na kula. Ale palepale, ashibe, kisha maganda ayapange njiani yaonekane. Mwenye shamba akiyaona maganda husema, "Amepita mgeni," na neno limekwisha. Lakini asibebe kitu. Akibeba hata kimoja, ni mwizi. Wazee walisema hivi: kapu la mwenye njaa ni tumbo lake.

Na zimwi, ajabu, lilifuata sheria hiyo hiyo. Aliyekula akaacha maganda alirudi nyumbani salama. Aliyebeba hakurudi.

Basi wenye nguvu za kutembea walikwenda, mmoja mmoja, wakala, wakapanga maganda, wakarudi. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Siku moja Mashavu naye alikwenda. Alikula ndizi nne, akayapanga maganda juu ya njia. Aliposikia kishindo alijificha nyuma ya mgomba. Akaliona zimwi. Mgongo wake ulikuwa umeota majani kama kingo za kisima, nalo lilinuka udongo uliolowa.

Zimwi likauliza, "Migomba yangu, nani amepita?"

Na maganda njiani yakajibu, "Mgeni! Mgeni! Mgeni!"

Zimwi likacheka kidogo, likapita.

Mashavu alirudi na tumbo limeshiba na moyo una njaa. Kwa nini? Kwa sababu Kidawa hakuweza kutembea. Miguu ilikuwa imevimba maji, na macho yamekuwa makubwa kuliko uso.

"Mama, zilikuwa tamu?" Kidawa aliuliza.

"Zilikuwa tamu."

"Ngapi?"



Kesho yake Mashavu alimfunga Kidawa mgongoni, akasema, "Twende tukale wote." Walipofika mteremko wa mawe alianguka. Akainuka, akaanguka. Akainuka mara ya tatu, akaanguka, na damu ikamtoka magotini. Akarudi.

Alikwenda kwa Mhando. "Kaka Mhando, nisaidie kumbeba mtoto hadi ng'ambo."

Mhando akatazama mikono yake, iliyokuwa imebaki mifupa. "Dada yangu, nguvu nilizo nazo ni za kujipeleka mwenyewe. Nikibeba mtu, tutakufa watatu."

Alikwenda kwa Kibago. Kibago alikuwa amelala mlangoni, akatikisa kichwa tu.

Basi akaenda kwa Semboja mwana wa Kilua. Ghala ya Semboja ilikuwa juu ya nguzo nne, nyuma ya nyumba, na mlango wake wa mbao ulikuwa umefungwa kwa kamba za katani. Semboja alikuwa amekaa chini yake na fimbo yake magotini. Mwaka ule hakubanduka hapo. Hata kulala alilala hapo.

"Hodi, baba. Shikamoo."

"Marahaba, Mashavu."

"Baba, nakuomba kibaba kimoja. Si changu, ni cha Kidawa."

"Ghala haifunguliwi kabla ya mvua," alisema Semboja.

Kesho yake alirudi. "Baba, nakuomba nusu ya kibaba."

"Ghala haifunguliwi kabla ya mvua."

Siku ya tatu alirudi, akapiga magoti. "Baba, nakuomba ukufi mmoja. Nichote mbele yako."

Semboja aligeuza uso. "Ghala haifunguliwi kabla ya mvua."

Mwanamvua alikuwa nyuma ya nyumba akiyasikia yote. Alinyamaza. Katika mila yao mke hachungulii ghala ya mumewe.

Chausiku alimkuta Mashavu njiani analia. "Umekwenda kwa yule? Tazama alivyokonda, mbavu unaweza kuzihesabu! Ana ghala, na bado anajinyima. Bahili yule hata mate yake hayamezi, anayaweka akiba."

Mashavu akacheka katikati ya machozi. Kisha akaenda zake moja kwa moja hadi shambani kwa zimwi.

Alikata ndizi tatu. Hakula hata moja. Akazifunga kibindoni mwa kaniki yake, akatoka mbio. Nyuma yake njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na ganda la kusema "mgeni."

Bi Tatu alimwona akiingia ndani, akaona kibindo kimetuna.

"Mwanangu, maganda yake yako wapi?"

"Mama, usiniulize."

 Kikongwe akafumba macho. "Macho yangu yamezeeka. Leo sioni kitu. Mpe mtoto, na mimi usinipe."

Kidawa alikula ya kwanza, akalia kwa utamu. Akala ya pili, akanyamaza. Akala ya tatu, akalala usingizi mzito. Maganda Mashavu aliyazika chini ya mafiga, akawasha moto juu yake.

Kesho yake Kidawa aliamka akasema, "Mama, nataka kukaa nje." Mashavu akamshukuru Mungu. Akamfunga mgongoni, akampeleka uwanjani kwenye jua.

Basi mchana ule ikaja harufu ya mvua.

Kibago alikuwa wa kwanza kuisikia. "Mvua!" akapiga kelele. "Jamani, udongo unanuka, mvua inakuja!"

Watu wote wakatoka. Chausiku alitoa vyungu vyake, akavipanga uwanjani. Semboja mwenyewe alisimama, akatoka chini ya ghala kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.  Wote wakatazama juu.

Mbingu zilikuwa safi. Hapakuwa na wingu hata moja. Na harufu ikazidi.

Ndipo Mashavu alipokumbuka alikoinusa harufu ile.

Zimwi lilitokea kati ya nyumba mbili, bila kishindo. Lilivuka vyungu vya Chausiku pasipo kuvunja hata kimoja, likasimama katikati ya uwanja.

"Hamjambo, watu wa Kwemzinga."

Hakuna aliyejibu.

"Mmekula kwangu nikawaita wageni. Leo nimekuja mimi, na salamu hamna?"

Semboja akasogea mbele. "Hatujambo. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua changu."

Zimwi likainua kichwa, likaita, "Mali yangu, uko wapi?"

Kimya.

"Mali yangu, uko wapi?"

Pakasikika sauti ndogo, kama chura chini ya kisima. Watu wakatazamana.

"Mali yangu, uko wapi?"

Na tumbo la Kidawa likajibu, mgongoni mwa mama yake, "Nipo! Nipo kapuni! Kapu dogo!"

Mtoto akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mama, si mimi niliyesema."

Mashavu akamkaza mtoto mgongoni. Aliiba ili mtoto apone. Kumbe wizi wote alikuwa ameuweka ndani ya mtoto, mahali pasipoweza kufichwa wala kurudishwa.

Akasema, "Mtoto hakujua. Mkono ulioiba ni huu. Nichukue mimi."

"Usiharakishe," lilisema zimwi. "Mimi sina sheria yangu. Nafuata yenu. Mkono umechukua, na tumbo limebeba. Je, hapa kuna wa tatu?"

"Yupo!" alisema Chausiku. "Mlango! Mwanamke huyu aliomba kwa Semboja mara tatu. Kibaba, akanyimwa. Nusu kibaba, akanyimwa. Ukufi, akanyimwa. Aliyemfungia mtu milango yote asishangae akimkuta dirishani."

"Ni kweli aliomba?" zimwi likauliza.

"Ni kweli," alisema Semboja.

"Basi wako watatu. Mkono, tumbo na mlango. Mmoja wao ni mwizi wangu. Semeni ni yupi. Kuhukumu ni kazi yenu. Yangu ni kula."

Watu wa Kwemzinga walihukumu kwa majani. Kila mtu mzima alitwaa jani akaliweka miguuni mwa yule aliyemwona ana hatia. Lakini mwaka ule jani lingepatikana wapi? Zimwi likang'oa majani mgongoni mwake, matano, mabichi, yakitona maji, likampa kila mmoja wa wale watano waliobaki.

Mhando alianza. "Mashavu, mumeo alikuwa rafiki yangu. Lakini wizi ni wizi. Leo tukisema njaa imeuhalalisha, kesho kila mtu atakuja na njaa yake." Akaliweka jani miguuni mwa Mashavu.

Chausiku akalitupa lake miguuni mwa Semboja. "Mimi nimekwisha sema."

Kibago akafuata. "Mtu akirina mzinga wangu ameiba, hata kama nyuki wake wamekufa wote. Nisamehe, dada." Jani likaanguka miguuni mwa Mashavu.

Bi Tatu alikuja akitambaa. "Mkono huu umenipikia mchuzi wa ngozi, ukaniacha ninywe kwanza. Mhando, maneno yako ni mazuri, lakini mtoto alipotaka mgongo wako hukumpa. Mimi siuhukumu mkono." Akaliweka jani lake miguuni mwa Semboja.

Majani mawili huku, majani mawili kule. Mbele ya Kidawa hakuna aliyeweka.

Likabaki jani la Mwanamvua.

Mwanamvua alilishika kwa mikono miwili, na maji yake yakamtiririka hadi viwikoni. Akamgeukia mumewe.

"Semboja, mwanetu Kombo alipokuwa akifa, nilikuomba nini?"

Semboja akanyamaza.

"Sema mbele ya watu."

"Uliniomba nifungue ghala."

"Ukanijibu nini?"

"Ghala haifunguliwi kabla ya mvua."

"Sikuwahi kulisema hili," alisema Mwanamvua. "Nilijua mke hasemi. Leo nimeombwa nihukumu." Akainama, akaliweka jani la tano miguuni mwa mumewe.

Zimwi likauliza, "Semboja mwana wa Kilua, una neno?"

Semboja hakusema.

"Semboja mwana wa Kilua, una neno?"

Semboja alitazama ghala, akawatazama watu mmoja baada ya mwingine, akafumbua kinywa. Kisha akakifumba.

"Semboja mwana wa Kilua, una neno?"

"Ninalo moja. Mwanamvua, mvua ikinyesha, fungua ghala. Kabla ya hapo usifungue."

Chausiku akaangua kicheko. "Mungu wangu! Anakwenda kuliwa na bado anatunyima!"

Na watu wakacheka. Mhando alicheka, Kibago alicheka. Hata Mashavu, kwa kule kupona, alijisikia akicheka.

Zimwi lilimwinua Semboja, likamweka begani kama mtu abebavyo mkungu. Hakupiga kelele. Zimwi halili njiani. Hula shambani kwake, palepale, na mabaki haliyabebi. Likapita kati ya vyungu, likapanda mteremko wa mawe, na harufu ya mvua ikaondoka nalo.

Walipobaki peke yao, Mwanamvua alisema, "Mhando, lete shoka."

"Mumeo amesema tusubiri mvua."

"Mume gani?"

Mhando akakata zile kamba. Mwanamvua akapanda, akafungua mlango, akaingia. Wote walisimama chini na vikapu vyao mikononi. Mashavu alikuwa na kaniki yake, ameikunjua tayari.

Wakangoja. Mwanamvua hakutoka.

"Umeanza kula peke yako?" Chausiku aliita.

Mwanamvua akatokea mlangoni. Nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi. Mikononi alikuwa na kibuyu kimoja.

"Na kingine?" alisema Kibago.

"Hakuna kingine. Ni vumbi tupu. Hata panya hamna."

Kibuyu kilikuwa kimezibwa kwa nta. Kibago akakitazama. "Nta hii ni yangu. Aliniomba mwaka juzi. Akasema anaziba mtungi uliopasuka."

Chausiku akakwangua nta kwa ukucha, akamimina kidogo kiganjani. Ulikuwa mtama. Punje nzito, nyekundu, zilizochaguliwa moja moja, zikapakwa majivu zisiliwe na wadudu.

Hakuna aliyezitia kinywani. Kila mkulima anaijua mbegu.

Kwemzinga nzima hapakuwa na mbegu nyingine. Watu walikwisha kuzila zao zamani, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akidhani jirani yake atabakiza. Ndiyo sababu mtu yule alilala chini ya ghala. Ndiyo sababu mbavu zake zilihesabika. Aliacha mwanawe Kombo afe, na punje hakuitoa.

"Kwa nini hakutuambia?" alisema Mhando. "Neno moja tu! Angesema ni mbegu."

Bi Tatu akajibu kutoka chini alipokuwa ameketi. "Angetuambia tungezila."

 Wote walijua kwamba ni kweli.

Mashavu alikuwa bado ameshika kaniki ile ile aliyofungia ndizi. Akamfungua Kidawa mgongoni, akamkalisha mapajani mwa Bi Tatu.

"Mama, unakwenda wapi?" Kidawa aliuliza. "Unakwenda kuiba tena?"

"Hapana, mwanangu. Nakwenda kurudisha."

"Mashavu!" Chausiku akamshika mkono. "Hukumu imekwisha kutoka. Tulikuokoa, mwenzangu!"

"Mlimwokoa mwizi," alisema Mashavu. "Mkono ulioiba ndio huo ulioushika. Niachie."

Chausiku akamwachia.

Akakimbia. Kwenye mteremko wa mawe alianguka, akainuka. Akaanguka, akainuka. Akaanguka mara ya tatu, akainuka. Huku akiita kwa sauti iliyokuwa imekauka, "Zimwi! Tumekosea! Ni mkono! Ni mkono! Ni mkono!"

Hapa ndipo ngano yangu inapokomea, nami sina ya kuongeza ila funzo lake. Mwenye njaa akiiba, msameheni, maana hata zimwi liliuliza kwanza kama kuna wa tatu. Lakini msiseme kwamba hakuiba. Wizi wa mwenye njaa husamehewa, haupotei. Kuna mtu huulipa, na mara nyingi si yule aliyeiba. Wala msimhukumu mtu kwa mlango wake kufungwa kabla hamjajua ndani mna nini.

Mtama ule ulipandwa mvua iliponyesha, nao ukaota.

Na kwa kuwa najua mtaniuliza, nawajibu. Mashavu binti Mbelwa alifika shambani jua likiwa bado liko juu. Semboja mwana wa Kilua alikuwa amekwisha kufa.